Ndege Haisimami Kuchimba Dawa

Toronto, 2 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba Melkizedek wa steshenari ameichapa kwa wino unaosomeka. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana nikikupigia hapo nyumbani nusu ya Chanzuru inakaa mkekani kusikiliza, na jambo hili nilitaka ulijue wewe wa kwanza. Basi uwe wa pili, baada ya Melkizedek.

Mama, nina mimba. Miezi mitatu imetimia, na daktari anasema nitajifungua mwanzoni mwa Agosti. Cornel tangu ajue hataki nibebe hata mfuko wa vitunguu.

Kinachofuata unakijua kuliko mimi. Mimba ya kwanza binti hujifungulia kwa mama yake, na asipoweza kurudi, mama humfuata aliko. Mimi siwezi kurudi, kazi yangu na matibabu yangu vyote viko huku. Kwa hiyo njoo wewe. Nani atanikanda kwa maji ya moto? Nani atanipikia uji wa pilipili manga? Nani atamtoa mtoto nje siku kitovu kikidondoka? Wakunga wa huku ni wazuri, lakini siku ya pili tu wanakupa mkono wa kwaheri.

Umbali usikutishe. Kutoka Dar hadi hapa ni karibu kilomita elfu kumi na tatu kwa njia ya ndege, lakini hewani unakaa saa kumi na nane hivi: kama kumi mpaka Ulaya, unapumzika uwanjani, kisha nane mpaka Toronto. Mtu analala, anaamka, amefika. Nitakukatia kiti cha dirishani uyaone mawingu yakiwa chini yako.

Mwanao,
Verdiana


Chanzuru, 20 Februari 2025

Mwanangu Verdiana,

Marahaba. Barua nimeipata. Melkizedek alinipongeza kabla hajanikabidhi, kwa hiyo pale dukani nilijikaza kama mtu aliyekuwa anajua siku nyingi. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango nikalia, halafu nikaimba peke yangu hadi kuku wakakimbia. Mwambie mkwe wangu Cornel nimefurahi sana, ila asikulaze kitandani mchana kutwa. Mimba si ugonjwa.

Sasa hiyo safari. Ulaya ninayoijua mimi ni ile kata yetu ya njia ya Mikumi, na hata hiyo nikifika humwambia Doto asimamishe bodaboda ninyooshe miguu. Kwa hiyo nina maswali, na uyajibu yote, usiruke.

Basi la Dar husimama porini watu wakachimba dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Ndege inasimama wapi? Hizo saa kumi ni mfululizo au inatua mahali? Na mtu akiwa na haja kabla wenzake hawajawa nayo, anamwambia nani?

Dirishani sitaki. Nipe kiti cha njiani, tena cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mama yako mdogo Elizabeti anakusalimu kutoka Mikumi. Anasema siku nikipanda ndege atafunga mgahawa wake aje uwanjani kunipungia, wenye malori watajua wenyewe watakula wapi.

Mama yako,
Teresia

(Na mimi Melkizedek nakupongeza, dada Verdiana. Barua nimeipiga picha mara mbili ili isomeke. Mama nimemwambia ndege haisimami kuchimba dawa, hakuniamini. Mjibu wewe.)


Toronto, 4 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimecheka hadi mtoto akacheza tumboni, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia, kwa hiyo amechezeshwa na bibi yake. Cornel amemsimulia kila Mtanzania anayemjua hapa mjini. Ndege kusimama kuchimba dawa!

Melkizedek amekwambia kweli, Mama. Haisimami, lakini ina vyoo humo humo, vidogo kama kabati, na maji yake. Ukitaka unainuka unakwenda, huombi ruhusa kwa mtu. Isipokuwa wakati wa kupaa na wa kutua, na ikitokea mtikisiko hewani. Hapo taa inawaka, kila mtu anafunga mkanda na kukaa kwenye kiti chake mpaka izimike.

Kuhusu kiti, hilo nimekwisha kukuamulia. Watu wanagombea dirisha halafu wewe unataka kukaa nyuma karibu na choo! Ukipita juu ya jangwa asubuhi utanishukuru. Nenda tu Morogoro ukashughulikie pasipoti, mengine niachie mimi.

Mwanao,
Verdiana


Chanzuru, 6 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Pasipoti ninayo. Nilipanda treni ya umeme hapo Kilosa, na nisikufiche, nimeipenda. Kila behewa lina choo na mlango unafunga. Nilikaa kiti cha mwisho, na kabla sijamaliza kusali rozari yangu wakasema Morogoro. Kwenye picha ya pasipoti nimenuna kama nimeibiwa kuku, lakini yule kijana aliniambia ndivyo wanavyotaka.

Bado nina maswali kidogo. Hiyo taa ya mkanda ikiwaka inakaa muda gani? Umeandika "mpaka izimike", na mimi nataka kujua ni kama kutoka hapa hadi Kilosa mjini au ni kama hadi Mikumi. Na kama nimekaa dirishani na mwenzangu amelala njiani, nitampita mara ngapi kabla hajakasirika?

Halafu kuna mambo ya huku. Mvua ni nyingi na mto Mkondoa unatishia kingo zake. Mpunga wangu uko majini, na ukikomaa nisipokuwepo ndege watamaliza. Parokia nayo inatutegemea akina mama kwa jubilei. Nimefikiri labda nije mwakani, mtoto akiwa anatembea, atakuwa amechangamka zaidi.

Kula dagaa, wana damu.

Mama yako,
Teresia


Toronto, 27 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali uliposema unakuja. Hakuna. Kuna mpunga, kuna mto, kuna jubilei ya parokia.

Naomba leo niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Nilipohitimu chuo Dar, wenzangu wote walikuwa na mama zao wamevaa vitenge. Wewe uliniambia una malaria, na jioni Doto akaniambia kwenye simu amekuona unapalilia. Nilipofunga ndoa Morogoro ulinifanyia sherehe ya kuniaga hapo nyumbani, ukapika, ukacheza, halafu siku ya kanisani hukutokea. Nilitembea kuelekea altareni nikiangalia benchi la mbele, na mahali pako alikaa mama mdogo. Watu wa Cornel waliuliza, nikawadanganya.

Mikumi unakwenda kila mwezi, tena kwa bodaboda ya kukodi kama mke wa mbunge, basi hulitaki. Kwa dada yako unafika. Kwangu mimi ndiko hakufikiki.

Kama humpendi Cornel niambie. Kama mimi ndiye niliyekukosea, niambie kosa nililijue. Ila usiniambie habari za mpunga. Najifungua kwa mara ya kwanza, Mama, na ninaogopa.

Verdiana


Chanzuru, 15 Mei 2025

Mwanangu Verdiana,

Marahaba.

Barua yako Melkizedek ameisoma. Alinikabidhi akiwa anaangalia chini, na pesa ya kuchapa hakuchukua.

Cornel sina neno naye. Wewe hukunikosea kitu tangu uzaliwe. Siwezi kuja, na sababu siwezi kuiandika. Nimwombe nani msamaha kama si wewe? Basi nisamehe.

Mama yako,
Teresia


Toronto, 8 Juni 2025

Mama yangu, mama yangu,

Shikamoo nyingi. Barua hii haipiti kwa Melkizedek. Rafiki yangu Yusrah anakuja likizo kwao Morogoro, na ameniahidi atafika mpaka Chanzuru akupe mkononi. Nimeibandika kwa gundi. Isome ukiwa peke yako.

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki, tumekaa wajawazito kama kumi tukisubiri mkunga aje kutufundisha. Nikapiga chafya, mkojo ukanitoka. Si tone, Mama. Sketi yote. Nilijifunga sweta kiunoni, na bila hata kufikiri nikainuka nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mkunga alinifuata baada ya somo. Akaniambia mimba ikiwa kubwa hutokea, na kwangu huenda ikaisha nikijifungua. Halafu akaeleza kuwa wako wanawake waliopata uzazi mgumu, mtoto akakwama muda mrefu, na tangu siku hiyo mkojo hauzuiliki tena, mchana wala usiku. Huko kwetu redio zinaiita fistula. Alikuwa anaendelea kusema lakini mimi nilikuwa nimeshafika Chanzuru.

Niliziona kanga zako nyuma ya nyumba, ndani ya ua, zimeshakauka wakati majirani ndio kwanza wanafua. Nikaona ubani uliokuwa unauchoma kila siku, nikidhani ni utawa tu. Nikakuona benchi la mwisho kanisani, unatoka kabla ya matangazo. Nikakumbuka kwamba siku ya kwenda Mikumi hunywi maji tangu jana yake, na kwamba Doto ukimwambia asimame husimama, wala hageuki nyuma. Na mimi nikakuita mke wa mbunge.

Nikakumbuka pia siku niliposema chumba chenu kinanuka. Nilikuwa mdogo. Baba hakuwahi kunipiga isipokuwa siku ile, na sikuelewa kwa nini wewe ndiye uliyelia.

Maswali yako yote yalikuwa swali moja, Mama, na mimi nikayafanya kichekesho cha mji mzima. Kama nimekosea katika haya niliyoyawaza, nichape kwa maneno nitapokea. Lakini kama ni kweli, basi sikiliza. Safari ya kuja kwangu iache kwanza. Huu ugonjwa unatibika, hata kwa mwenye miaka mingi nao. Wapo madaktari Dar wanaoushona, na wengi wao hawamtozi mgonjwa. Yusrah ana namba zao, nimemwambia akupe wewe tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi bado nakuhitaji sana.

Mwanao aliyekuwa haoni,
Verdiana


Mikumi, 29 Juni 2025

Mwanangu Verdiana,

Marahaba, mama. Barua nimeisoma ndani ya mpunga, nikiwa peke yangu kama ulivyotaka. Hukukosea. Nimekuja kwa Elizabeti kukujibu, kwa sababu kule nyumbani mkono ulikataa kuandika. Yeye ndiye atakayekutumia kwa simu yake.

Tulikuwa Zombo wakati huo, na wewe ulikuwa darasa la pili. Uchungu ulianza asubuhi, mtoto hashuki. Baba yako akakusanya wanaume wakanibeba kwa kitanda. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na tulipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa, tukakaa ng'ambo kusubiri yapungue. Tukalala pale pale. Nilifika hospitali Kilosa jioni ya siku ya pili. Ungekuwa na mdogo wa kiume. Baba yako alimpa jina la Innocent akamzika mwenyewe, na wewe tukakwambia mimba iliharibika.

Nilipopona kidonda nikaona hali ndiyo hiyo. Nilifikiri itaisha, kisha nikafikiri ni adhabu, kisha nikaacha kufikiri. Baba yako, Mungu amrehemu, hakunisema hata siku moja. Ndiye aliyetaka tuhamie Chanzuru ambako hakuna anayetujua, na ua ule wa nyuma aliujenga kabla ya nyumba yenyewe. Tukakubaliana tusimwambie mtu. Hata Elizabeti nimemwambia juzi tu, akanipiga kofi la bega, akalia, kisha akanipikia.

Kutoka Zombo hadi Kilosa si mbali, Verdiana. Leo hao vijana wa pikipiki wanakwenda huku wanapiga soga. Sisi ilituchukua siku mbili, na mimi safari ile sijaimaliza mpaka leo. Kwa hiyo ulipoandika kuwa Toronto ni saa kumi na nane tu, mtu analala na kuamka amefika, sikuona mawingu. Niliona kiti kimelowa, taa ya mkanda inawaka, na watu weupe wanaziba pua. Niliona unakuja kunipokea mbele ya wakwe zako nami nanuka. Ni afadhali unichukie.

Redio nilikuwa naisikia ikitangaza hiyo fistula. Nilidhani ni ya mabinti wadogo, na kwamba mtu mzima akienda atatangazwa jina. Yusrah amesema si kweli. Ni mtoto mwenye adabu sana yule, alikaa nasi siku mbili na hakuuliza kitu mpaka nilipoanza mwenyewe. Elizabeti amesema nikikataa atanifunga kamba kama mbuzi wa Krismasi. Tunaondoka Jumatatu kwenda Dar, na hatupiti kwa basi. Huko mbele ni hifadhi ya wanyama, basi haliruhusiwi kusimama, na mimi njia hiyo sijaithubutu tangu uzazi ule. Tunarudi Kilosa tupande treni.

Kinachoniuma ni kwamba Agosti nitakuwa kitandani na wewe uko kitandani, na hakuna wa kumkanda mwenzake.

Mama yako,
Teresia


Toronto, 17 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mama mdogo amenitumia ujumbe kwamba umeshonwa na bado una mpira wa mkojo, na kwamba umeanza kugombana na manesi kuhusu uji. Nikajua umepona nusu.

Mjukuu wako alizaliwa tarehe tano alfajiri. Wa kike, nywele nyingi, sauti kama yako ukimfukuza nyani shambani. Nilipata uchungu usiku, tukaita teksi, na kufika hospitali ni mwendo mfupi kuliko kutoka kwako hadi steshenari. Nilikuwa nimelala kwenye hiyo teksi nikimfikiria Innocent, na baba akisubiri maji yapungue.

Wa kunikanda nilimpata. Kuna mama wa Bukavu ghorofa ya chini, Kiswahili chake cha Kikongo kinanichekesha lakini mikono yake ni mikono ya nyumbani. Alisema ananikanda kwa niaba yako, akanitaka nikwambie hivyo.

Kumtoa mtoto nje bado. Cornel alimtoa kumpeleka kliniki ndani ya kiti cha gari, lakini hilo tumekubaliana halihesabiki. Ubatizo nao unakusubiri. Usibebe ndoo, usilime, usimsikilize mtu anayesema umeshapona isipokuwa daktari. Kuja kwako nisikuharakishe. Miezi sita, mwaka, mimi nipo.

Mwanao,
Verdiana


Chanzuru, 12 Oktoba 2025

Mwanangu Verdiana,

Marahaba. Mbusu huyo mwenye nywele.

Barua hii inapita kwa Melkizedek, na asome yote. Nimekwisha kuwaambia akina mama wa parokia, nikasimama mbele badala ya kukaa nyuma. Nilitaka wajue dawa ipo. Nilipomaliza wawili walinifuata nje, mmoja wa makamo yangu, mmoja msichana wa kutoka Zombo. Huyo msichana nitampeleka Dar mwenyewe, mwezi ujao.

Sasa nikupe habari ya kurudi kwangu. Mpira ulitolewa, wakanipima, wakaniweka nikae nione. Usiku wa kwanza niliamka nikapapasa shuka. Kavu. Nikamwamsha Elizabeti apapase na yeye, akasema Teresia niache nilale, kisha akapapasa, kisha hakulala tena. Miaka yote hiyo, Verdiana. Nilikuwa nimesahau shuka kavu likoje.

Tulikaa kwa binti wa shemeji yake Elizabeti mpaka daktari aliporidhika. Siku ya kuondoka Elizabeti akaelekea stesheni, nikamwambia hapana, leo tunapanda basi la Mikumi. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Nikanywa chai asubuhi, kikombe kizima, nikanywa na maji njiani. Tulipopita Morogoro basi likasimama Doma watu wakachimbe dawa kabla ya kuingia hifadhini. Wote wakashuka, Elizabeti naye. Konda akaniuliza, mama, wewe hushuki? Nikamwambia mimi sina haja.

Sina haja! Nilitamani alirudie hilo swali.

Basi likaingia mbugani, halisimami, na mimi nikakaa. Niliona twiga watatu wanavuka taratibu kama wana hisa kwenye barabara. Elizabeti alikuwa na kiti cha dirishani, akawa ananizuia nisione. Nikamwambia inuka, tubadilishane.

Daktari amesema baada ya Krismasi naweza kusafiri popote. Viza fuatilia wewe, pasipoti ninayo, na ile picha ya kununa tutaivumilia. Maswali ya ndege sina tena isipokuwa moja, kama hilo jangwa ulilosema linaonekana upande wa kulia au wa kushoto.

Kata tiketi. Nipe dirishani.

Mama yako,
Teresia